Dada, usilipie hiyo tiketi ya Jumatano mchana (kuhusu kumwona Joshua Henry)

Toa kidole kwenye "lipa". Kama umeshalipa, niambie mapema nikupe pole, maana hapo hakuna dawa, kuna pole tu.

Uzi wako nimeusoma wote. Unatoka Dar, unaingia New York Jumatatu Novemba 10, 2025, unaondoka Ijumaa, na kilichokuleta ni kumsikia mwigizaji Joshua Henry akiimba nafasi ya Coalhouse Walker kwenye mchezo wa nyimbo wa Ragtime pale Lincoln Center. Umeona tiketi ya Jumatano mchana kwa dola 389 kwenye tovuti ya wauzaji wa mkono wa pili, unauliza kama bei ni halali, uvae nini, uanze na nyimbo zipi, na kama huwa anasaini vijitabu vya shoo kwenye mlango wanakotokea waigizaji. Na mkuu mmoja hapo juu kakujibu mistari miwili: "Chukua fasta, zitaisha. Tiketi ni tiketi."

Tiketi ni tiketi! Hayo maneno nayafahamu kwa sura na kwa sauti. Ndiyo niliyoambiwa na jamaa mmoja wa kikundi cha WhatsApp, bingwa wa kila kitu kinachohusu Broadway (yale majumba makubwa ya maonyesho ya New York), nikatoa dola 412 kwenda kumwona stelingi mwingine, si huyu. Nafungua kijitabu, kakaratasi kamedondoka mapajani, kembamba kama tiketi ya daladala: leo nafasi ya fulani inachezwa na fulani. Sirefushi hiyo habari, inaniuma. Bingwa yupo kwenye kikundi mpaka leo na bado anashauri watu. Juzi kamshauri mtu kuhusu viza.

Kwa hiyo hili swali la "bei nzuri?" liweke pembeni kwanza. Swali lako la kwanza ni hili: siku hiyo Joshua Henry asipopanda jukwaani, nani anakurudishia pesa? Kama jibu ni "hakuna", hata dola 50 ni ghali.

Tuelewane kwanza kuhusu stelingi. Sisi tumekulia kwenye video za kanda ambako stelingi hafi na hakosekani. Unaweka kanda, yupo. Broadway ni mtu mwenye koo la nyama. Ratiba ya kawaida ni shoo 8 kwa wiki, kwa nyumba nyingi za maonyesho Jumatatu ni mapumziko, na kuna siku za shoo mbili, mchana na usiku, ambazo mara nyingi ni Jumatano na Jumamosi. Hesabu mwenyewe: mtu anamaliza kuimba karibu saa tatu nzima mchana, anakula kidogo, anapumzisha sauti, usiku anarudia yote kuanzia mwanzo. Ndiyo maana nafasi nzito zina watu nyuma yake. Yupo mwigizaji wa akiba ambaye kila siku anacheza nafasi yake ndogo, lakini ameshika pia maneno ya stelingi. Yupo akiba wa benchi tupu, ambaye yeye haonekani mpaka stelingi akosekane. Wapo wale wa kundi, mmoja ameshika nafasi saba au nane kichwani, akiambiwa leo wewe ni mpishi anakuwa mpishi, kesho akiambiwa ni polisi anakuwa polisi. Halafu kuna mbadala wa zamu, na huyu ndiye anayekuhusu wewe: kapewa shoo zake maalumu za wiki kwa ratiba, hasubiri mtu augue. Shoo za zamu yake mara nyingi ni zipi? Za mchana. Na wewe umechagua mchana.

Usifikiri hili linawapata wanyonge tu. Julai 18, 2015 Rais Obama, mtoto wa Kogelo kwa upande wa baba, aliwachukua mabinti zake kwenda kuangalia mchezo wa Hamilton kwenye jumba la Richard Rodgers. Mchezo umeandikwa na Lin-Manuel Miranda na yeye mwenyewe ndiye Hamilton. Shoo hiyo Hamilton alikuwa Javier Muñoz, mbadala wake. Yaani mtu mwenye ndege yake, mwenye walinzi wa kufunga mitaa, alikuta sub ameingia. Sasa wewe na mimi ni nani? Na Muñoz hakuwa wa kubabaisha hata kidogo: baadaye Miranda alipoondoka, shoo yake ya mwisho ikiwa Julai 9, 2016, nafasi akaachiwa yeye. Ila kama mtu amepanda ndege kutoka Dar kwa sababu ya sauti moja, huwezi kumwambia "hata huyu ni mzuri". Ni kama kumwendea mgonjwa wako hospitali ukaoneshwa mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Haya, pesa. Sikiliza hapa vizuri kuliko pengine popote.

Chukua bango la mchezo, picha kubwa ile iliyopo kwenye tovuti ya nyumba yenyewe. Tafuta jina la mchezo. Halafu angalia juu yake. Kwenye biashara ile, kukaa juu ya jina la mchezo ni cheo kinachoandikwa kwenye mkataba, mawakala wanagombania mpaka ukubwa wa herufi. Stelingi ambaye jina lake limekaa juu asipocheza shoo uliyonunua, na wewe ukaamua kutoingia, unabadilishiwa tarehe au unarudishiwa pesa. Jina likiwa chini ya jina la mchezo, au waigizaji wote wameorodheshwa sawasawa, huna haki hiyo hata kama umelia. Wanaweza kukubadilishia kwa hisani, ila hisani huwezi kuidai. Kwa hiyo fungua bango la Ragtime leo hii, litazame kwa macho yako, usimuulize mtu wa jukwaa hili la mtandaoni, hata mimi.

Na sehemu ya pili ambayo bingwa wangu hakuitaja: pesa hurudi pale tiketi iliponunuliwa, kwa aliyenunua. Nyumba ya maonyesho inamrudishia mteja wake. Wewe ukinunua kwa mlanguzi, mteja wa nyumba ni mlanguzi. Pesa yake inaweza kurudi kwake, na wewe umebaki na barua pepe. Ukimwendea anakwambia soma masharti. Masharti yanasema dhamana yao ni kwamba tiketi itafungua mlango, na kwamba shoo ikifutwa utarudishiwa. Shoo haijafutwa! Imechezwa, watu wamepiga makofi. Neno "waigizaji wanaweza kubadilika bila taarifa" limo humo, mstari wa chini, herufi za mchwa. Nimeusoma huo mstari mara nyingi kuliko barua ya posa.

Mfano wa hadharani unaoonesha jinsi hizi sehemu mbili zinavyokwenda pamoja ni Hugh Jackman kwenye mchezo wa The Music Man, jumba la Winter Garden, Desemba 2021. Yeye na Sutton Foster ndio walikuwa shoo. Watu walinunua majina hayo mawili. Desemba 23 Foster akawa mgonjwa, akaingizwa Kathy Voytko, mmoja wa wale wa kundi ninaowasema, aliyejulishwa mchana uleule na kufanya mazoezi ya saa chache. Mwisho wa shoo Jackman alimsogeza mbele, akawaeleza watazamaji kazi ya hawa akiba ni kazi gani. Video ile ilizunguka dunia. Siku tano baadaye Jackman naye akakutwa na korona, na badala ya kucheza bila mastelingi wote wawili wakafuta shoo za siku kadhaa. Waliokuwa na tiketi wakaambiwa waende kule kule walikonunua. Aliyenunua dirishani, yaani dirisha la tiketi la jumba lenyewe, kazi yake ilikuwa nyepesi. Aliyenunua kwa kishoka alianza kuandikiana barua na roboti.

Sasa utamjuaje kishoka, maana siku hizi amevaa suti. Ukiandika jina la mchezo na neno tiketi kwenye mtandao, vitu viwili vitatu vya juu kabisa ni matangazo ya kulipia. Anuani zao zimebandikwa jina la mchezo au jina la jengo ili ufikiri umefika nyumbani. Zina picha ya bango, zina ramani ya viti, zina saa inayorudi nyuma kwa dakika ikikutisha kwamba watu 14 wanaangalia kiti hichohicho. Dalili ya kwanza: hawakuoneshi namba ya kiti, wanakwambia "eneo la chini, safu kati ya A na M". Hapo mara nyingi muuzaji hana tiketi mkononi; anauza hewa, akishapata pesa yako ndipo anaenda kutafuta ya bei ndogo. Dalili ya pili: bei inanenepa njiani. Tangu Mei 12, 2025 sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka bei ya tiketi ioneshwe nzima, makato yakiwemo, tangu mwanzo. Tovuti inayokupa 389 ukafika mwisho ukakuta 460, funga, ondoka, nawa mikono. Dalili ya tatu: hakuna mahali penye majina ya waigizaji wa tarehe uliyochagua, kuna jina la mchezo tu. Wao kweli wanaamini tiketi ni tiketi.

(Ulanguzi wenyewe si mdogo. Juni 2016 Miranda aliandika kwenye New York Times kulalamikia programu zinazozoa tiketi zote kabla binadamu hajafungua ukurasa, na Desemba mwaka huohuo Obama akasaini sheria ya kuzipiga marufuku. Walanguzi wakasoma sheria, wakanywa chai, wakaendelea.)

Kwa mchezo wako njia ni fupi. Ingia tovuti ya Lincoln Center Theater kwa kuandika anuani mwenyewe, usipite kwenye matangazo, bonyeza kitufe cha tiketi kilicho humo. Kitakupeleka Telecharge, ambao ndio wauzaji rasmi wa jumba la Vivian Beaumont na pia wa majumba 17 ya kampuni ya Shubert. Hapo bei utakayoiona ni ya mkono wa kwanza, si wa tatu. Kuna makato ya huduma kwa kununua mtandaoni. Ukinunua dirishani kwa miguu yako hayo huyalipi. Una ndugu New Jersey umesema? Mtume aende. Mwambie akifika dirishani aulize kwanza kama Joshua Henry amepangwa kucheza shoo ile, ndipo atoe kadi. Watu wa dirishani wana orodha ya likizo na zamu zilizokwisha kupangwa, na wanajibu, kwa sababu hawapendi ugomvi wa saa moja jioni.

Kadi: kama utalipa kutoka Dar, piga simu benki wakufungulie malipo ya mtandaoni ya nje. Zile kadi za muda za kwenye simu zinafanya kazi kununua, tatizo ni kurudishiwa. Pesa hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa, na kama umeshaifuta, pesa inaning'inia hewani kati ya mabenki mawili na kila moja linakuelekeza kwa lenzake. Lipa na kadi ambayo utakuwa nayo miezi mitatu ijayo. Na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.

Tarehe. Marekani wanaandika mwezi kwanza. Tiketi yako ya Jumatano itasomeka 11/12, wewe ukiisoma Kibongo ni Desemba 11, na kuna watu wamekosa shoo hivyohivyo kwa akili zao timamu. Saa pia: saa mbili ya tiketi ni saa nane yetu mchana, saa saba ya jioni ni saa moja yetu. Iandike pembeni kwa kalamu.

Siku gani? Wengine watakwambia nenda usiku wa kwanza kabisa ili ubaki na siku za akiba. Kwa anayetoka Nairobi au Dar, hapana. Novemba tofauti ni saa nane. Pazia likifunguliwa saa moja usiku New York, mwili wako uko saa tisa alfajiri Kariakoo. Jumanne utasinzia, na utasinzia hasa kwenye sehemu ya pili ambako ndiko kuna kitu ulichofuata. Kamata Jumatano usiku, siyo mchana, ukishahakikisha jina. Alhamisi iache wazi kabisa, usiweke Statue of Liberty wala shangazi. Ikitokea kakaratasi Jumatano, unaomba wakuhamishie Alhamisi. Ukiweka shoo usiku wa mwisho kabla ya ndege, umejifungia mlango mwenyewe.

Siku yenyewe ni hivi. Asubuhi pitia kurasa za mchezo na za waigizaji wa akiba. Akiba akipewa nafasi huwa anatangaza kwa furaha, na furaha yake ndiyo taarifa yako. Fika dakika 45 kabla. Chama cha waigizaji kina utaratibu: mabadiliko lazima yatangazwe kwa angalau njia mbili kati ya tatu, yaani kakaratasi ndani ya kijitabu, ubao wa ukumbini, au sauti kabla ya kuanza. Wewe usisubiri sauti. Sauti inakuja taa zikizimwa, na hapo umeshakaa. Ukiingia tu, kabla hujatafuta choo, soma ubao, tikisa kijitabu. Kama jina lake halipo, usikae. Rudi dirishani kabla pazia halijafunguliwa, sema hutaingia, omba Alhamisi. Ukishaangalia dakika kumi "uone kwanza", umekula, na aliyekula harudishi sahani.

Halafu jengo. Watu wengi wanadhani Broadway yote iko Times Square. Beaumont liko 150 West 65th Street, ndilo jumba pekee la Broadway lililo nje ya mtaa ule wa maonyesho. Panda treni namba 1 ushuke 66th Street. Ukienda Times Square utapiga picha nzuri na utachelewa. Na kuchelewa Ragtime ni hasara, kwa sababu wimbo wa kufungulia ni mrefu, ndiyo unakutambulisha familia zote tatu, ya wazungu wa New Rochelle, ya Weusi wa Harlem na ya wahamiaji, na mlangoni wanakuzuia mpaka wimbo uishe. Jukwaa limechomoza kuingia kwa watazamaji, viti vimelizunguka kama nusu sahani, takriban 1,080. Vya katikati ni vizuri hata nyuma; vya pembeni kabisa mbele utaona mgongo mwingi. Kati ya kiti cha nyuma cha katikati na cha mbele cha pembeni, nyuma.

Nyimbo, ndiyo, uliuliza. Na hapa tena tahadhari ni ileile: soma jina.

Ukinunua rekodi ya Ragtime ya 1998 utasikia Coalhouse mtamu ajabu, lakini siye wako. Ni Brian Stokes Mitchell, aliyeianzisha nafasi ile Broadway. Baritoni (sauti ya kiume ya kati) la kifua, pana kama ngoma ya msondo. Tuzo ya Tony, ile kubwa ya Broadway, mwaka ule alichukua Alan Cumming kwa Cabaret, na wapo wazee humu ambao hawajasamehe. Mitchell akaja kuipata 2000 kwa Kiss Me, Kate. Mwaka 2020, baada ya kupona korona, alikuwa anafungua dirisha la nyumba yake Upper West Side jioni na kuwaimbia wapita njia. Hiyo ndiyo shoo pekee ya stelingi wa Broadway ambayo walanguzi walishindwa kuiuza. Msikilize, ila ujue unasikiliza kipimo ambacho Henry anapimwa nacho.

The Scottsboro Boys, mtego mwingine. Joshua Henry aliimba nafasi ya Haywood Patterson Broadway 2010, kwenye jumba la Lyceum, habari ya kweli ya wale vijana Weusi tisa waliosingiziwa Alabama 1931. Mchezo ulidumu shoo 49 tu, kisha ukatajwa kuwania Tony 12 na kutoka mikono mitupu. Yeye alikuwa mmoja wa waliotajwa, mara yake ya kwanza. Lakini rekodi inayouzwa ni ya kundi lililotangulia kabla ya Broadway, na Haywood wa humo ni Brandon Victor Dixon. Hivyohivyo Hamilton: Henry alikuwa Aaron Burr wa msafara wa mikoani kuanzia 2017, na Burr wa kwenye albamu ni Leslie Odom Jr. Usije ukamsifia mtu kwa koo la mwenziwe.

Pa kuanzia ni rekodi ya mchezo wa Carousel ya 2018. Hiyo ni yeye. Tafuta wimbo wa Soliloquy. Billy Bigelow, mhuni wa pembea za maonyesho, amepata habari mkewe ni mjamzito, yuko peke yake, anaimba zaidi ya dakika saba bila mtu wa kumpokea. Watunzi Rodgers na Hammerstein waliiandika kwa ajili ya koo la John Raitt, 1945, na tangu hapo imekuwa mizani ya mastelingi: ukiipanda bila kugawa pumzi unafika mwisho huna kitu. Sikiliza Henry anavyogawa. Mwanzoni anajitapa, mtoto atakuwa wa kiume, atafanya hivi na vile, sauti iko karibu na maongezi, haitumii nguvu. Kisha anashtuka: je, akiwa wa kike? Hapo wengi hulainisha sauti kwa kuipunguza. Yeye anaipunguza nguvu lakini haipotezi mwili; bado ina uzito, ila umeshikwa kama mtu anavyoshika yai. Halafu kule juu mwisho, ambako baritoni wengi hubadilika rangi wakawa kama wanaita basi, yeye anapanda mpaka mipaka ya tenori (sauti ya juu ya kiume) na sauti inabaki ileile moja. Ndiyo sababu watu wanapanda ndege.

Ukishaielewa hiyo utaelewa kwa nini Coalhouse anamfaa. Sehemu ya kwanza nafasi inataka mtu wa kupendeka: mpiga piano wa Harlem mwenye gari jipya la Ford, anabembeleza, anacheka, anaimba Wheels of a Dream na mchumba wake Sarah akimwonesha mtoto wao nchi ambayo itamdanganya. Sehemu ya pili ni mtu aliyevunjiwa gari na kuuliwa mchumba, na anafika kwenye Make Them Hear You karibu na mwisho, amechoka kwa saa mbili na zaidi, wimbo unaanza taratibu kama wosia. Akiba mwenye sauti nzuri atakupa noti zote. Kinachotofautisha ni hesabu ya pumzi ya jioni nzima, na hiyo ndiyo unayoilipia.

Jambo la ziada la wapenzi: 2016, kwenye mchezo wa Shuffle Along jumba la Music Box, Stokes Mitchell, Henry na yule Dixon walikuwa jukwaa moja. Coalhouse wa zamani, Coalhouse wa baadaye, na Haywood wa kwenye rekodi. Mchezo ukafungwa Julai 24 stelingi wake wa kike, Audra McDonald, alipokuwa mjamzito, kwa sababu waliona bila yeye hautauzika. Sasa mwambie mkuu wa "tiketi ni tiketi" awaeleze na wale wawekezaji.

Mlangoni huwa inategemea siku, hakuna ahadi, na baada ya shoo ya mchana mara nyingi hawatoki kwa kuwa wanalinda sauti kwa ajili ya usiku. Sababu nyingine ya kuiacha Jumatano mchana.

Ukifika kwenye ukurasa wa malipo, kabla ya kubonyeza, piga picha uiweke hapa. Funika namba za kadi. Acha wazi anuani ya tovuti, namba ya kiti na tarehe, nitakuwepo mpaka saa sita usiku ya huku.